Sambusa za Mchicha kwa Mbuzi Mgonjwa

"Mwalimu, tukimaliza haya majani yote, mbuzi atakula nini?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka mitano, au sita, hakuna aliyejua hasa. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na wenzake, sahani ya bati mbele yake, na ndani ya sahani kulikuwa na githeri ya mahindi na maharage niliyoipika kwa mikono yangu na kuichanganya na sukuma wiki. Hakuwa akinikejeli. Aliuliza, kisha akanitazama akingoja jibu. Nami, niliyekuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia nikiwa na sifa ya kumuuliza kila mhadhiri "kwa nini?" mpaka aanze kutazama saa yake, nikamwambia yule mtoto maneno niliyokuwa nimeapa sitamwambia mtoto yeyote.

"Kula kwanza. Maswali baadaye."

Hakula. Mvulana aliyekaa karibu naye akalia "mee!" na mkeka mzima ukaitikia. Watoto thelathini, wote mbuzi. Mmoja alipiga magoti akawa anatafuna hewa, taya zikienda upande na upande, na ninakiri aliiga vizuri. Mlangoni mwa jiko, mpishi wetu alikuwa ameshika kiuno akicheka hadi shungi lake likamteleza begani.

"Mwalimu," alisema, "leo umefungua zizi."

Ilikuwa Januari, msimu wa zile mvua za El Nino. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo na kumeza mashamba, barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika, na vitu vilifika Garissa kwa ndege au havikufika. Kilichonishangaza wakati ule, na bado kinanishangaza, ni kwamba sijawahi kuiona nchi ile ikiwa na kijani namna ile tena. Mchicha wa porini uliota mitaroni, ukaota hata juu ya paa la choo cha shule. Na katikati ya majani yote hayo mifugo ilikuwa inakufa. Ugonjwa ulikuwa umeingia. Wanyama walianza kuharibu mimba na kuanguka, kisha watu nao wakaanza kuugua. Mama yangu alikuwa muuguzi hapo mjini, na ndiye sababu ya mimi kuwa Garissa. Siku moja alirudi kutoka zamu akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akaniambia nisiguse mnyama mgonjwa wala damu yake, hata nikiombwa kwa machozi. Gari la serikali likapita na kipaza sauti: kuchinja marufuku, nyama marufuku, maziwa yachemshwe. Mabucha yakafungwa. Maziwa nayo, wengi waliyaogopa wakaacha kabisa.

Nitasema ukweli ambao si mzuri. Sikufurahia vifo, lakini marufuku ile niliifurahia.

Mimi sikuwa nakula nyama. Niliacha mwaka wa pili chuoni, si kwa dini wala kwa ugonjwa, ila kwa ubishi. Mwenzangu wa chumbani alisema sitamaliza wiki. Wiki ikaisha, nikajiuliza kwa nini nirudie, sikupata sababu ya kunitosha, basi sikurudia. Nairobi watu waliinua mabega tu. Garissa hawakunielewa hata kidogo. Mwenye hoteli alipoambiwa sili nyama aliniletea kuku. Nilipokataa kuku aliniletea maini, maana maini ni laini, alidhani shida yangu ni meno. Mama mmoja sokoni alinishika mkono akaniombea dua. Miezi yote tangu Septemba, nilipoanza kufundisha chekechea ile, nilikuwa kichekesho cha mtaa. Sasa mji mzima ulikuwa umelazimishwa kula kama mimi, na moyoni nilisema, haya, tuone sasa nani mjinga.

Shule yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya mabati na jiko lililoezekwa kwa magunia. Wazazi ndio walioianzisha, wengi wao wauza mifugo, kwa hiyo kabla ya ugonjwa chakula kilikuwa hivi: kikombe cha maziwa ya ngamia asubuhi, wali na supu ya mbuzi adhuhuri. Mboga ilikuwa kitunguu na nyanya ndani ya supu. Majani yalikuwa ya wanyama. Watu walisema hivyo bila dharau yoyote, kama mtu asemavyo petroli ni ya magari.

Siku ya kwanza ya muhula alikuja mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mzee wa ndevu zilizopakwa hina, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyewahi kuwaswaga kwa miguu kutoka pande za Griftu hadi soko la Garissa. Hakuketi.

"Mwalimu, tunafunga shule."

"Kwa nini?"

"Hakuna nyama, hakuna masiwa. Watoto watakula nini?"

"Stoo kuna mahindi, maharage na dengu za msaada. Kuna unga na mafuta. Na mboga ziko kila mahali, mzee, umezikanyaga ukija hapa."

Alitazama makubazi yake. "Hiyo ni nyasi."

"Ni mchicha."

"Binti yangu, mtoto wa Msomali hakuli nyasi. Atakaa, atakuangalia, atangoja. Yeye anajua kungoja kuliko wewe."

Nilijua kufunga shule maana yake nini. Magunia ya stoo yangehamishwa, na watoto thelathini wangerudi nyumbani ambako, kwa wengi wao, mlo wa mchana haukuwapo tena. Nikamwambia anipe wiki mbili.

"Wiki mbili sawa," alisema. "Lakini wakule wote. Sio nusu. Mimi sitaki kuambiwa kamati inaweka watoto na njaa katika shule yake. Alhamisi ya wiki ya pili nitakuja kuangalia sahani. Nikiona mtoto mmoja hakuli, nafunga."

"Wote watakula."

"Insha'Allah."

"Insha'Allah au bila insha'Allah, watakula."

Mpishi, aliyekuwa akisikiliza, alinifinya mkono kwa nguvu. Watoto walimwita edo, yaani shangazi, nami nilimwita hivyo. Mwenyekiti alipoondoka, edo aliniambia, "Abaayo, dada yangu, bishana na mzee. Na Mungu usibishane, unahitaji mvua iache kuni zikauke."

Baada ya kushindwa na githeri sikukata tamaa, nilikasirika. Mama aliniletea kijitabu cha lishe kutoka kazini, chenye picha ya sahani iliyogawanywa mafungu matatu, na mtoto mnene akitabasamu mbele ya kabichi. Kilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kukutana na mtoto. Nilijaribu wali na mchuzi wa dengu uliotiwa mchicha. Walichambua kila jani wakalipanga ukingoni mwa sahani, kwa unadhifu ambao hawakuwahi kuuonyesha kwenye daftari zao. Nikaamua kuuficha. Nilitwanga mchicha kwenye kinu mpaka ukawa uji, nikasongea ugali. Ugali ulitoka rangi ya kijani kibichi, na mtoto mmoja alilia kwa kuuona tu, kabla hajaugusa.

"Wewe unabika kama unadanganya," edo aliniambia. "Mtoto anajua."

"Basi pika wewe."

"Nilikuwa nangoja useme."

Alichukua maharage yale madogo mekundu, akayaweka motoni asubuhi na mapema juu ya kuni za mathenge zilizokuwa zikitoa moshi kuliko moto, akayaacha mpaka yakalainika kabisa, maji yakakauka. Akayamwagia mafuta ya simsim, kisha sukari. Sukari! Nilimshika mkono.

"Edo, kwetu maharage ni chumvi na kitunguu."

"Kwenu ni mbali," alisema, akaongeza kijiko kingine.

Hiyo ni ambulo. Watu wa huko huila jioni, na wala hakuna anayeiita chakula cha kukosa nyama, ni ambulo tu, chakula cha heshima. Nilikuwa nimeishi nao miezi minne nikiwahubiria kuhusu maisha bila nyama, na sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja kama wana mlo wao wenyewe usio na nyama. Walikuwa nao. Watoto waliila. Ndizi mbivu nilizoziweka kando ziwe zawadi ya atakayemaliza, walizitaka ndani ya sahani, pamoja na maharage, na nilipokataa waliacha kula mpaka nikazileta. Ndizi na maharage, kijiko kimoja. Nilionja ili niwe na hoja ya kupinga. Sikuipata hoja.

Tukapata ujasiri. Maboga yalikuwa yakiletwa na akina mama waliolima sehemu za juu, upande wa Balambala, ambako mafuriko hayakufika. Tulichemsha boga, tukaliponda, tukalichanganya na unga wa anjera, ile mikate myembamba laini yenye vitundu, inayomiminwa kikaangoni baada ya unga kuchachuka. Ilitoka ya manjano kama kiini cha yai. Tuliipaka simsim na sukari kidogo, tukaikunja. Mvulana wa "mee" alikula nne, akauliza boga ni mnyama gani.

Lakini shida mbili zilibaki. Mchicha hawakuugusa. Na chakula cha saa nne hawakukigusa, hata kama ni kile kile walichokililia jana yake adhuhuri. Nilikuwa nawapa uji saa nne kama tulivyopewa sisi kwetu bara, na walikuwa wakikaa mbele ya vikombe mikono mapajani, macho chini.

"Wamekataa hata uji wenye sukari," nilimwambia edo. "Nani amewafundisha mgomo?"

Aliniangalia kwa huruma. "Mwalimu, huu mwezi ni mwezi gani?"

Ilikuwa Ramadhani. Nilijua, edo mwenyewe alikuwa amefunga, na kwa sababu hiyo hakuonja anachopika. Alisema kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema kunaruhusiwa, ila yeye hajiamini. Kila siku aliniita, "Mwalimu, kuja na ulimi yako!" nami Mkristo, tena wa shaka shaka, ndiye niliyemwambia chumvi imetosha au haijatosha. Lakini watoto wa miaka minne? Watoto hawafungi!

"Hawafungi," alisema. "Lakini nyumbani kaka anafunga, dada anafunga. Mdogo naye anasema, na mimi. Mama anamwambia, funga nusu siku, mpaka adhana ya adhuhuri. Anakubali, anajiona mkubwa. Sasa anakuja shule, wewe saa nne unamwekea uji kama mtoto wa kunyonya. Mbele ya wenzake!"

"Huo ni mchezo tu, edo. Si funga ya kweli. Hakuna aliyewaamuru."

"Na wewe kuacha nyama, nani aliamuru?"

Ni mara chache katika maisha yangu nimeshindwa kwa haki, na hiyo ni mojawapo.

Siku iliyofuata hatukupika uji. Mwenye duka jirani alitutolea kopo kubwa la tende. Edo alikanda unga, akausukuma, akaubabua juu ya chuma, akakata manda za sambusa. Mimi nilichemsha dengu mpaka zikakauka, nikakatakata mchicha mwembamba sana, nikaukaanga na kitunguu, kitunguu saumu na hawashi, ule mchanganyiko wao wa bizari, kisha nikaukamua maji yote kwa sababu maji ndiyo adui wa sambusa. Bila pilipili. Hatukuficha kitu. Nilizunguka na bakuli nikawaonyesha. Hizi ni dengu, huu ni mchicha uliokuwa pale mtaroni jana. Walikunja pua. Kisha edo akaanza kukaanga, na harufu ile ikaingia darasani saa tano na nusu, wakati wote wakiwa na njaa ya hiari yao, na harufu ya sambusa mwezi ule kwao ilikuwa harufu ya magharibi, ya watu wazima kukaa pamoja, ya kaka kusifiwa.

Tuliwapanga mkekani. Tende moja moja mkononi, hakuna kula. Wakangoja. Mzee wa ndevu alikuwa amesema kweli, walijua kungoja. Adhana ilipopanda kutoka msikiti wa jirani, edo alisema "Bismillahi," tende zikaingia mdomoni, halafu sambusa. Hakuna aliyelia kama mbuzi. Mvulana wa "mee" alifungua yake katikati, akautazama mchicha ndani, akautazama uso wangu, akaifunga tena akaimaliza kwa kuiuma mara mbili.

Nilitoka nje nikaenda kuushikilia ukuta wa mabati, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Na aliyekuwa mlaji bora wa wote, kwa macho yangu, alikuwa yule msichana aliyeuliza mbuzi atakula nini. Tangu siku ya ambulo sahani yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote. Nilikuwa nikiinyanyua mbele ya wenzake. "Mnaona? Mnaona mwenzenu?" Yeye alitabasamu kidogo na kulikumbatia kopo lake, kopo tupu la maziwa ya unga lenye kifuniko, ambalo alilibeba kila mahali. Nilidhani ni mwanasesere wake.

Jumatatu ya wiki ya pili alianguka. Tulikuwa tumepanga mstari wa kunawa mikono baada ya chakula, akayumba, akakaa chini, kisha akalala kwenye tope kama mtu aliyeamua. Kopo liliviringika, kifuniko kikatoka. Ndani kulikuwa na sambusa mbili na tende moja, vikiwa vimekaa juu ya mabaki makavu ya maharage ya siku zilizopita.

Edo alimpa maji ya sukari kwa kijiko. Nilichutama karibu yake.

"Hiki ni chakula cha nani?"

"Cha mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wangu. Anaumwa." Alisema kama anayemweleza mtu asiyeelewa haraka. "Majani ya nje hawezi, meno yanauma. Ayeyo amesema anaweza ya kupikwa. Nikikula mimi, yeye atakula nini?"

Lilikuwa swali lile lile. Alikuwa ameniuliza siku ya kwanza nami nikamwambia maswali baadaye, na tangu hapo alikuwa amelijibu mwenyewe, kila siku, kwa tumbo lake.

"Wewe humwoni akila?"

"Mimi siruhusiwi kumwangalia. Ayeyo ndiye anampa."

Ayeyo ni bibi. Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda huko huko, na nitakiri nilikwenda na hasira, nikipanga hotuba njiani. Walikaa nyuma ya tangi la maji, kibanda cha mikeka na magunia chenye pazia la kanga kuukuu ndani. Bibi alikuwa mlangoni, mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka kama wa askari.

"Nani amekuita?"

"Hakuna, ayeyo. Nimejileta."

"Basi jirudishe."

"Mjukuu wako ameanguka shuleni. Hali chakula chake, analetea mbuzi."

"Mbuzi mgonjwa anataka kitu laini."

"Na mtoto anataka nini?"

Alimchukua mtoto kutoka mgongoni mwangu, akampangusa tope usoni kwa ncha ya shungi lake, polepole, jicho hadi kidevu.

"Naomba nimwone huyo mbuzi," nilisema. "Kuna ugonjwa mbaya, ayeyo, unawapata na watu. Haifai alale ndani na mtoto."

"Mnyama mgonjwa haangaliwi na mgeni. Jicho yako itamaliza yeye."

"Jicho langu haliui mbuzi. Ugonjwa ndio unaoua."

"Wewe umesoma sana," alisema, na haikuwa sifa. "Sikia. Sisi hatukuli majani. Baba yangu hakukula, baba yake hakukula. Nyumba yangu haijabika majani na haitabika. Mtoto akitaka kula hayo yako ya shule, ale. Mimi sitaki hata kusikia harufu."

Nilitazama chini mlangoni. Sikuona mavi ya mbuzi. Nikadhani mvua imeyaosha. Nilikuwa na maneno mengi tayari: kuhusu jicho baya na ujinga wake, kuhusu watu wazima wanaowapa wanyama chakula cha watoto. Niliyasema mengi ya hayo. Yalimpita kama upepo. Mwishowe nikaona mtoto ananitazama kutoka nyuma ya sketi ya bibi yake, na kopo tupu mkononi, na nikaelewa kwamba naweza kushinda ubishi huu na bado mtoto asile. Hangekula akijua mbuzi wake ana njaa. Hakuna hotuba ingembadilisha, kwa sababu alikuwa na haki.

Basi nikafanya jambo ambalo lingenifukuzisha kazi. Chakula cha stoo kilikuwa cha watoto, na kamati ilikuwa imesema wazi kisitoke nje ya lango. Nilirudi jikoni.

"Edo, kuanzia kesho tunakaanga na za mbuzi."

"Mbuzi," alisema.

"Mbuzi. Sambusa mbili. Na tende, mtoto anasema mbuzi anapenda tende."

Edo aliugeuza uso wake motoni. "Mbuzi huyo naye amefunga?"

"Usinicheke, edo. Nimechoka."

"Sikucheki, abaayo," alisema, na kweli hakuwa akicheka.

Kesho yake nilimweka msichana karibu yangu. Nilimwambia, za mbuzi zinaingia kwenye kopo kwanza, kabla ya adhana, uzione kwa macho yako. Zako unazila hapa. Alihakikisha kifuniko kimekaza. Akauliza, "Na kesho?" Nikamwambia na kesho. "Na kesho kutwa?" Mpaka meno yake yapone. Alifikiri. Adhana ilipolia alikula sambusa ya kwanza kwa tahadhari, akiishika kwa mikono miwili, ya pili kwa haraka, kisha akalamba mafuta vidoleni, akauliza kama kuna ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitafuna.

Alhamisi mwenyekiti alikuja kabla ya adhuhuri akasimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa amefunga, hakuweza kuonja hata kama angetaka, na nadhani hakutaka. Alipita mkeka hadi mkeka akitazama midomo ikienda. Mvulana wa "mee" alimfungulia sambusa yake amwonyeshe. "Nyasi, awowe!" alimwambia kwa fahari, akimwita babu, na kuitia mdomoni. Mzee alikohoa, sijui kama kilikuwa kikohozi.

Alifika kwa msichana. Sahani ilikuwa tupu, shavu limejaa. Kisha akaliona kopo.

"Na hii?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Ni ya mbuzi wake. Anaumwa. Nimeamua mimi, edo hahusiki. Mtoto hali chakula mbuzi wake akiwa hajala, na ulisema wote wale. Ukitaka kufunga, funga kwa sababu yangu, si kwa sababu yao."

"Mbuzi ya nyumba gani?"

"Ya bibi yake. Nyuma ya tangi la maji."

Alilichukua kopo, akalishika mkononi kana kwamba linaunguza. "Huyo mama," alisema hatimaye, "nyumba yake ilikuwa na mbuzi mpaka huwezi kuona chini." Alimrudishia mtoto kopo, akaniambia bila kunitazama, "Hizi ni kidogo. Weka nne."

"Nne?"

"Mwalimu, wewe kila kitu unauliza. Weka nne. Shule inabaki."

Akaondoka, makubazi yake yakiukanyaga mchicha wa uani.

Kwa miaka mingi nilisimulia hadithi hii kama ushindi wangu. Nairobi, mezani, watu wakila nyama mbele yangu na kuniuliza maswali yale yale, niliwaeleza jinsi nilivyomshinda mfanyabiashara wa ng'ombe kwa mchicha wa mtaroni, na jinsi nilivyowahi kumlisha hata mbuzi sambusa. Walicheka sana hapo. Sitaki kuibadilisha sehemu ya ushindi. Bado nasema mtoto yeyote, popote, atakula majani ukimpa kwa heshima, kwa wakati wake, na bila kumdanganya, na anayesema "watoto wa huku hawali" bado nitabishana naye. Marufuku ilipoondolewa na supu ya mbuzi ikarudi, watoto walidai sambusa za mchicha zibaki siku ya Alhamisi, na zilibaki.

Lakini baada ya miaka kumi na kitu nilimtembelea edo, akiwa sasa mzee, anaishi kwa binti yake. Aliniwekea ubao wa manda mbele bila kuniuliza, tukawa tunakunja pamoja. Nikamuuliza yule mbuzi alipona? Edo hakuacha kukunja. Aliniambia mbuzi yule alikufa kabla shule haijafunguliwa muhula ule, wanaume wakamburuta na kumzika na wenzake wa mwisho, mtoto akiwa amelala. Nyuma ya pazia hakukuwa na kitu. Mtaa mzima ulijua. Kila magharibi, adhana ilipolia, ayeyo alimtuma mtoto nje akachote maji, akafungua kopo, akafuturu kwa tende na sambusa za mchicha.